Niko muganga

Siku ya pili ya kurekodi, bibi yangu alitoka ndani na kiti chake cha kamba, akakiweka chini ya mwembe nyuma yetu, akatazama. Tulikuwa kwenye onyesho la fimbo. Binamu zangu wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, walikuwa wamemweka mjomba katikati, kando ya magunia ya makala, wakimwuliza kwa adabu kubwa kama yeye ndiye yule muganga anayesifiwa kila mahali. Mjomba akakataa. "Miye? Miye minachomaka makala tu." Wakamwuliza tena, akakataa tena. Fimbo ikapanda. Ilikuwa kijiti cha muhogo, chepesi, tulichokichagua kwa sababu hakiumizi. Ikashuka begani mwake mara tatu, naye akapiga yowe tulilokuwa tumelifanyia mazoezi tangu asubuhi: "Basi! Basi! Niko muganga!"

Watoto waliokaa juu ya ukuta wa matofali walicheka. Mimi nilicheka nyuma ya simu. Bibi hakucheka. Tulipomaliza aliomba kuona tulichokamata. Akaishika simu mbali kidogo na macho, kama anavyoshika Biblia yake, akatazama uso wa mjomba ukijaa kioo chote, mdomo wazi, jasho kwenye paji. Akanirudishia.

"Hii niliionaka," akasema. "Haiko muchezo."

Akachukua kiti chake, akaingia ndani.

Tamthiliya tuliyokuwa tukiirekodi ni *Le Médecin malgré lui* ya Molière. Ilichezwa mara ya kwanza Paris tarehe 6 Agosti 1666, yeye mwenyewe akiwa Sganarelle, mkata kuni mlevi. Wengi wetu tuliosoma sekondari upande wa Kongo tumeipitia kwa njia ile ile: kitabu kimoja cha mwalimu, ubao, na sisi tunanakili maneno magumu kwenye daftari. Nakumbuka niliandika orodha ndefu ya vitenzi. Sikumbuki mtu yeyote darasani aliyecheka. Tulijua kwamba ni kichekesho kwa sababu ubao ulisema hivyo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mke wa mkata kuni amechoka na mume anayeuza vyombo vya nyumba ili anywe. Wanapita watumishi wawili wa tajiri mmoja wanaotafuta tabibu kwa ajili ya binti wa bwana wao aliyepoteza sauti. Mke, kwa kisasi, anawaambia kwamba mume wake ni tabibu wa ajabu, ila ana kichaa kidogo: hakubali kuwa ni tabibu mpaka apigwe. Wanampiga. Anakubali. Anapelekwa kwa tajiri, na huko anagundua kwamba cheo alichopewa kwa fimbo kinalipa kuliko shoka. Binti naye si bubu hata kidogo. Amejifanya bubu ili asiolewe na mtu aliyechaguliwa na baba.

Miaka baadaye, hapa kitivoni, nilikutana na kitu ambacho ubao haukutuambia. Molière hakuibuni fimbo hiyo. Iko katika hadithi ya Kifaransa ya karne ya 13, *Le Vilain mire*, ya mkulima anayepigwa mpaka anakubali kwamba ni tabibu na kupelekwa kwa mfalme. Binti wa mfalme huyo si bubu. Amekwamwa na mwiba wa samaki kooni, na mkulima anamponya kwa kumchekesha: anacheka mpaka mwiba unaruka. Niliposoma hilo nilifunga kitabu, nikafikiria Swima. Sisi tunaishi kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kwenye barabara iendayo Baraka ukitoka Uvira. Hakuna nyumba kwetu isiyojua mwiba wa samaki. Kila mama ana dawa yake: tonge la ugali lisilotafunwa, ndizi, ngumi mgongoni. Nikajua kwamba tajiri wetu atakuwa mwenye vyombo vya kuvulia ndakala usiku kwa taa, binti yake atajifanya amekwamwa na mwiba, mchumba asiyetakiwa atakuwa mfanyabiashara kutoka Bukavu, na kijana anayempenda atakuwa motari. Sganarelle wetu angechoma makala.

Kabla ya kuandika neno moja nilitafuta waliotangulia. Molière si mgeni katika Kiswahili. A. Morrison aliitafsiri tamthiliya hii hii mwaka 1945 kwa jina la *Tabibu asiyependa utabibu*, kisha *Mchuuzi mwungwana* mwaka 1961. L. Taguaba alimleta Tartuffe kwa jina la *Mnafiki* mwaka 1973. Kwa hiyo kabla Nyerere hajatupa tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963, mkata kuni wa Paris alikuwa ameshasema Kiswahili kwa miaka 18. Nalipenda jina la Morrison, lakini nina ugomvi nalo. Sganarelle haukosi upendo wa utabibu. Mwishoni anaupenda mno. Kilichokosekana ni hiari yake siku ya kwanza. Na neno "tabibu" lenyewe ni safi kupita kiasi kwa kazi hii. Lina harufu ya kitabu.

Hapa ndipo Kiswahili cha kwetu kinaposaidia pale ambapo kile sanifu kinasumbuka. Katika Kiswahili sanifu msomaji anamtenga daktari na mganga: mmoja ana sindano, mwingine ana mizizi. Ukimwita Sganarelle daktari umempa chuo, ukimwita mganga umempa kibuyu, na mchezo unageuka kuwa mzaha juu ya waganga wa kienyeji, jambo ambalo Molière hakulikusudia. Alikuwa akiwacheka wenye digrii. Lakini Swima, muganga ni yeyote anayetibu. Anfirmye wa kituo cha afya ni muganga. Daktari wa hospitali kubwa ni muganga. Mzee mwenye mizizi ni muganga pia, na mtu akitaka kuwatofautisha anaongeza maneno. Neno moja linawabeba wote, wa kweli na wa uongo, na kichekesho hiki kinahitaji hasa neno la namna hiyo, neno ambalo mtu anaweza kulivaa kama kanzu ya kuazima.

Kisha kuna "niko". Mwanafunzi wa kwanza wa isimu atakwambia kwamba kwa Kiswahili sanifu "niko" inasubiri mahali: niko nyumbani, niko Baraka. Kwetu, kama ilivyo karibu Kivu nzima, "niko muganga" ni sentensi iliyokamilika, maana yake ni "mimi ni mganga". Sikuiweka kwenye mswada kwa ajili ya utafiti. Mjomba aliisema tu. Lakini nikiisikiliza kwa sikio la darasani nasikia pia ile maana nyingine nyuma yake, kwamba uganga ni mahali, na huyu mtu amesukumwa mpaka amefika hapo.

Nimesema mswada. Kwa kweli mswada haukudumu siku mbili. Nilikuja likizo na kurasa 34, zote kwa Kiswahili kizuri cha mitihani, nikawagawia ndugu zangu. Walisoma kama watu wanaosoma barua ya serikali. Mama mdogo, aliyekuwa mke wa mchoma makala, aliifikia sentensi moja yenye "ilhali" akasimama, akaniuliza kama huyu mwanamke ni mwalimu. Kisha akanipa masharti mawili. La kwanza, hatasoma. La pili, hatapigwa. Katika Molière pazia linafunguka kwa ugomvi wa mume na mke, mume anamchapa, jirani anakuja kuamua na mke anamfukuza jirani. Watu wa Paris walicheka sana. "Fimbo moja katika filamu inatosha," mama mdogo alisema. Nilimwuliza sasa kisasi kitatoka wapi. Akasema: "Si ameuza sufuria? Sufuria inatosha." Nilirudi kwenye Kifaransa, nikakuta ana haki. Malalamiko ya vyombo kuuzwa kimoja kimoja, mpaka kitanda, yamo tayari mdomoni mwa mke huyo kabla hajapigwa. Filamu yetu inaanza na mwanamke anayezunguka uani akitafuta sufuria, na maji ya ugali yanachemka katika kopo la rangi.

Kuhusu kutosoma, nilimkumbuka Mufwankolo. Walioko mwaka wa tatu wamesoma *Power and Performance* ya Johannes Fabian, iliyotoka mwaka 1990, juu ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Kundi lile lilikuwa maarufu kwenye redio na televisheni, na mwaka 1986 lilitengeneza mchezo kutokana na msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Kilichonivutia tangu mwanzo ni namna walivyofanya kazi: hawakuwa na mswada wa kukariri. Walikubaliana juu ya njia ya hadithi, nani anaingia lini na anataka nini, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mazoezi baada ya mazoezi, mpaka yakakaa. Hilo si geni kwa Molière pia. Alizunguka mikoani na kundi lake kwa zaidi ya miaka kumi, na aliporudi Paris mwaka 1658 alicheza katika jumba moja kwa zamu na Waitaliano wa Scaramouche, watu waliokuwa mabingwa wa kucheza kwa kufuata mpango tu. Kwa hiyo nilikunja kurasa zangu 34. Nikaandika karatasi moja: anaingia, anataka, anakataliwa.

Wapo kitivoni waliosema kwamba kuwaachia watu wa Swima waseme Kiswahili chao ni kumshusha Molière. Nawajibu kwa Molière. Mtumishi Lucas na yaya Jacqueline, katika Kifaransa cha 1666, wanasema lahaja ya wakulima, na imeandikwa hivyo hivyo na makosa yake yote ya sarufi ya jumba la mfalme. Anayewatafsiri kwa Kiswahili sanifu ndiye anayewabadilisha.

Kazi iliyonitisha zaidi ilikuwa onyesho la Kilatini. Sganarelle, akiwa mbele ya mgonjwa, anamwuliza baba kama anajua Kilatini. Baba hajui. Basi anafungulia: anamwaga mabaki ya kitabu cha sarufi, majina ya minyumbuo na jinsia za nomino, na wote wanashangaa elimu yake. Katika Paris ya wakati ule madaktari walitetea tasnifu zao kwa Kilatini, na mgonjwa aliyekuwa akifa alikuwa na haki ya kutoelewa. Sasa Kilatini cha Swima ni kipi?

Nilidhani jibu ni Kilatini chenyewe. Jirani yetu mmoja mzee alitumikia misa utotoni, kabla ya mageuzi ya miaka ya 1960, na bado anaweza kuijibu yote kwa Kilatini. Nilimwomba anifundishe mjomba mistari michache. Akakataa, na si kwa sababu ya dini. "Kile hakikuogopesha mutu," alisema. "Tulikuwa tunakiimba."

Kinachoogopesha kwetu ni Kifaransa, lakini si kile cha darasani. Hilo sikulijua mimi, alilijua mjomba. Hakumaliza shule ya msingi. Nilipomwambia aseme Kifaransa chochote mbele ya mgonjwa, sikutegemea kitu. Akavaa miwani ya bibi, akamshika binti mkono, akatazama paa, akaanza: *conformément... procès-verbal... à qui de droit... accusé de réception... feuille de route...* Kila neno polepole, kwa sauti ya puani, na baada ya kila moja akitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayesoma matokeo ya maabara. Alipofika kwenye *vu et approuvé* aligonga mhuri wa ngumi kwenye goti la mgonjwa. Binamu anayecheza tajiri alijibu "Oui, docteur" bila kuambiwa, akasimama wima, akavua kofia.

Nilijiuliza usiku ule ameyatoa wapi. Hakuna kitabu chenye maneno hayo kwa mpangilio huo. Lakini ukikumbuka mahali mtu wa Fizi alipolazimika kusimama na kusikiliza katika miaka 30 hii, mbele ya meza gani, kwenye bariere gani, mikononi akiwa na karatasi gani isiyotosha, utaona kwamba mjomba ana msamiati mkubwa. Ni Kifaransa cha mtu aliyesimama. Hajawahi kukaa nacho.

Mwalimu mmoja aliyeiona sehemu hii alinionya kwa upole kwamba nimemgeuza Molière dhidi ya lugha yake. Nimelifikiria sana. Lakini Molière aliandika Kifaransa ili watu waliosimama chini waelewe wanavyodanganywa kwa Kilatini. Alikuwa upande wa lugha ya wasikilizaji. Karne tatu na nusu baadaye, kwenye ufuko mwingine, lugha yake imevuka meza na kukaa upande wa pili. Sioni kwamba nimemsaliti kwa kuonyesha ilipokaa. Na pale tajiri anapothubutu kusema kwamba anavyojua yeye moyo uko kushoto na ini kulia, sio kama muganga alivyosema, mjomba alimjibu bila kufikiri: "Hiyo ilikuwa zamani. Kinshasa walishabadilisha." Jibu la Sganarelle katika asili linafanana, ila Kinshasa haimo.

Sasa narudi kwenye mwembe.

Baada ya bibi kuingia ndani hatukurekodi tena siku ile. Niliitazama ile video mara nyingi jioni. Chini ya mwembe ilikuwa inachekesha, nina hakika, nilikuwepo. Ndani ya simu haikuchekesha. Nilikuwa nimefanya kosa la mtu aliyejifunza sinema kwa kutazama tamthilia za kwenye televisheni: kila anayesema, kamera imkimbilie usoni. Kwenye jukwaa mtazamaji yuko mbali, anaona miili mitatu, anaona fimbo ni kijiti, anaona mwenye kupigwa anaruka kabla haijamgusa. Kioo cha simu kinaondoa haya yote. Kinabakiza uso wa mtu mzima, macho yamefumbwa, anakiri jambo ambalo si la kweli. Na uso huo, kwetu, una majina. Kaskazini mwa Swima, njia ya Uvira, iko Makobola, na hakuna mtu mzima wa Fizi anayelitaja jina hilo bila kusikia nyuma yake siku zile za mwisho wa 1998 na kuingia 1999. Nilizaliwa baadaye. Nilidhani kwamba kwa kuwa nimezaliwa baadaye naweza kuazima fimbo.

Niliamua kuliondoa onyesho zima. Nilikwenda kumwambia mjomba usiku, alipokuwa akifunga magunia.

"Utaondoa, halafu nitakuwa muganga namna gani?" akauliza.

Nikamwambia tutatafuta njia nyingine, labda wampe pesa.

Akaendelea kushona gunia. Kisha akanisimulia, bila kuinua macho, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kunisimulia. Katika miaka ya vita, watu wenye silaha walimkamata njiani akitoka mlimani na makala. Walitaka akubali kwamba anawapelekea wengine chakula. Hakuwa amepeleka chakula kwa mtu. Walimpiga. "Basi nikakubali, mpwa wangu. Wakauliza chakula gani, nikasema muhogo. Wakapiga. Nikasema muhogo na ndakala. Wakapiga. Nikasema na mbuzi. Mbuzi watatu. Mimi sijawahi kuwa na mbuzi." Hapo akacheka. Akacheka kweli, mpaka sindano ikamtoka. "Wao walikuwa wanauliza kitu kimoja, mimi niliwapa vitatu. Yule mukubwa wao akaandika yote. Mbuzi akawaandika."

Sikujua nicheke au nisicheke. Nilikaa juu ya gunia.

"Wewe unaweka simu hapa," akasema, akanigusa shavu. "Mtu akipigwa haangaliwi hapa. Weka mbali. Na mimi usinipe neno moja tu la kukubali. Nitawapa mengi."

Asubuhi tulirekodi upya. Niliweka simu kwenye tawi la mwembe, hatua 15 kutoka kwao, bila kuisogeza. Miili mitatu mizima, magunia, nguo kwenye kamba, kipande cha ziwa nyuma. Upepo wa ziwa uliingia kwenye sauti, tukavisha maikrofoni soksi. Fimbo ya kwanza ikashuka, mjomba akasema: "Niko muganga." Walikuwa wametosheka, walikuwa wanataka kushusha fimbo. Yeye hakuwapa nafasi. "Muganga wa Swima!" Wakatazamana. Mrefu akainua fimbo kujikuna mgongo tu, mjomba akaruka: "Wa Baraka!" Mfupi akakohoa. "Wa Uvira! Wa Bukavu! Mukubwa wa Bukavu!" Kila walichofanya, hata kufukuza nzi, kilimpandisha cheo. Alipofika "Wa Ulaya! Ulaya yote!" wale wawili, waliokuja kutafuta muganga wa kijiji, walikuwa wameshaogopa. Mfupi alificha fimbo nyuma ya mgongo. Mrefu alipiga magoti. Mjomba akawatazama chini, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika hadithi sauti yake ikawa ya daktari: "Nani mugonjwa?"

Fimbo iligusa bega mara moja tu. Hakuna hata neno moja la hayo katika Molière, na sidhani kama kuna onyesho katika filamu yetu lililo karibu naye zaidi.

Niseme haraka juu ya mengine. Tulimaliza kwa siku tisa. Filamu ina dakika 31. Motari wetu alikodi pikipiki kwa siku moja tu, kwa hiyo maonyesho yake yote ni ya siku ile, na mwangalifu ataona tope lile lile. Dawa ya mkate na divai, ambayo Sganarelle anaiagiza kwa hoja kwamba kasuku husema wakilishwa hivyo, ikawa ugali uliolowekwa katika kanyanga. Binamu yangu wa kike hakuinywa, ingawa ndugu zake wanashikilia kwamba alikunywa.

Binamu huyo ndiye aliyenipa tatizo la mwisho, nalo halijaisha. Yeye ni bubu kwa robo tatu ya filamu. Kisha anafunguka, na katika asili anafunguka kwa mafuriko: hataki, hatamwoa huyo, hakuna cha kumlazimisha, mpaka baba anamwomba tabibu amrudishe katika ububu, na tabibu anasema hilo haliwezekani, anachoweza ni kumfanya baba awe kiziwi. Kwenye karatasi yangu niliandika tu: "anasema yote". Nilitegemea Kiswahili. Alipofungua mdomo mbele ya kamera alisema Kibembe. Dakika nzima na zaidi, bila kupumua, akimfuata baba yake wa mchezo kuzunguka mtumbwi. Kibembe kile ambacho vijana wa rika lake wanajibiwa nacho nyumbani na kujibu kwa Kiswahili. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema: "Baba mtu anagombezwa kwa Kiswahili?"

Kwa hiyo filamu yetu ina ngazi tatu ambazo sikuzipanga: Kifaransa cha uongo, Kiswahili cha biashara zote, na Kibembe kinachotoka kooni baada ya mwiba. Tulipoionyesha kwenye banda la video, kwa jenereta iliyozima mara mbili, ni pale ndipo wazee walipocheka kuliko wote. Kwa fimbo, watoto walicheka tangu "wa Swima". Wenye umri wa mjomba walisubiri. Walianza kucheka kwenye "Bukavu", mmoja mmoja, kama watu wanaotazama kwanza nani mwingine anacheka.

Sasa kitivo kimeniomba filamu kwa ajili ya siku ya lugha, pamoja na maandishi ya chini ya Kiswahili kwa sehemu ya Kibembe. Mimi sikuwa nataka kuyaweka. Niliona kwamba baba yule anapogombezwa, mtazamaji asiyejua Kibembe naye aonje alichoonja mgonjwa mbele ya Kilatini. Mwalimu wangu anasema huo ni ujanja wa mtu mvivu, na kwamba mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ambaye hataki kunukuu lugha yake mwenyewe ana jambo la kujieleza. Kibembe changu, nikiri, hakitoshi. Nakielewa, sikiandiki vizuri.

Niliporudi Swima kwa siku mbili, nilimpelekea bibi. Tulikaa na simu na daftari, nikisimamisha kila baada ya maneno machache, yeye akisema kwa Kiswahili, mimi nikiandika. Sehemu mbili alikataa kunitafsiria. Alisema mtoto wa kike hapaswi kujua maneno hayo, na mimi pia. Kwa hiyo daftari langu lina mapengo mawili, na siku ya lugha yatabaki mapengo kwenye kioo.

Tulipomaliza aliomba nimrudishie nyuma, kwenye fimbo. Nikamrudishia. Aliishika simu mbali na macho kama kawaida yake, akatazama mpaka "Ulaya yote", mpaka mrefu anapiga magoti. Akanirudishia, akaniuliza kama mjomba amelipwa.

Nikamwambia bado.